Kabla Hujamwambia Mtu "Tafuta Google"

Kwenye magrupu ya wakulima huku Nyanda za Juu Kusini kuna jibu moja limezoeleka mpaka linaniumiza. Mtu anaandika, "Habari za jioni wana grupu, naomba kujua nafasi ya kupandia viazi." Kabla hajaweka simu chini ameshajibiwa: "Hiyo ipo Google." Mwingine anaongeza, "Tumeshaongelea sana humu, panda juu usome." Wa tatu anaweka kikaragosi cha mtu aliyejishika uso. Basi. Hakuna aliyemwambia sentimita 75 kati ya mstari na mstari na 30 kati ya shina na shina, maneno mafupi kuliko yale waliyotumia kumsuta.

Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na ni mmoja wa maadmini wa grupu la wakulima wa viazi. Wengi wetu ni watu wa Uporoto na Umalila, wapo wa Makete na Njombe, na wapo wakulima wa nyanya wa Ilula walioingia kwa sababu magonjwa makubwa ya nyanya na ya viazi mara nyingi ni yale yale. Msimu huu mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, alipendekeza sheria: swali lolote ambalo jibu lake linapatikana kirahisi kwa kutafuta lifutwe, na aliyeuliza akumbushwe kutafuta kwanza. Tulibishana. Mle ndani nilijibu kwa mistari michache tu, maana watu walikuwa wanasubiri bei za soko. Hapa nina nafasi.

Nianze na hoja yake, kwa kuwa si hoja ya mtu mwenye dharau. Wanaojua kwelikweli ni wachache. Afisa ugani mmoja anaweza kuwa na kata nzima mgongoni, vijiji vyenye milima kati yake, na mafuta ya pikipiki hayatoshi kuvizungukia. Mtu kama huyo akikubali kuingia kwenye grupu na kujibu watu jioni, ametoa sadaka. Sasa tazama simu yake ikoje: huyu anauliza bei ya gunia, huyu anauliza mbolea ya kukuzia inawekwa lini, mwingine anauliza lile lile la mbolea ya kukuzia, kisha picha za maua zenye maneno ya Jumapili njema. Tulikuwa na bwana shamba mmoja mzuri sana akatoka kimya kimya. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Dada yangu, swali la maana linapita katikati ya mengine mia, nikija kuliona mtu ameshapoteza shamba." Hilo ni pengo la kweli. Mwenzangu anasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anachotaka ni mtu aoneshe kwamba ameinama.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Mbeya. Kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza Marekani mwaka 1980, wakongwe walichoka kujibu maswali yale yale kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walipoingia. Wakaanza kuandika orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara pamoja na majibu yake, wakawa wanazituma upya kila baada ya muda, mara nyingi kila mwezi, ili mgeni azikute. Kuanzia 1993, kampuni za intaneti zilipoanza kuwafungulia mlango watu wa kawaida, wageni hawakuisha tena, na wakati ule ukaitwa Septemba isiyoisha. Baadaye, mwaka 2008, Jeff Atwood na Joel Spolsky walianzisha Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, na huko utaratibu ukawa mkali zaidi. Kitufe cha kulishusha swali kinakueleza chenyewe kwamba sababu mojawapo ya kukibonyeza ni swali kutoonesha juhudi ya kutafiti. Swali lililokwisha kuulizwa linafungwa.

Vijana wetu waliosoma mambo ya kompyuta wamekulia kwenye adabu hiyo, na wengi wao ndio wanaoileta kwenye grupu la viazi. Lakini wanaileta nusu. Swali likifungwa Stack Overflow kwa sababu limejirudia, mwulizaji anapewa kiungo cha lile la zamani lenye majibu. Majibu yale yanaweza kuhaririwa na wengine, Google inayaona, hata asiye mwanachama anayasoma. Wale wa Usenet nao waliandika kwanza, ndipo wakapata haki ya kusema "kasome". Aliyefukuzwa alikuwa na mahali pa kwenda.

Grupu la WhatsApp halina kumbukumbu ya namna hiyo. Aliyeingia leo haoni majibu ya msimu uliopita. Majibu bora kabisa ya yule bwana shamba yalikuwa voisi, na voisi huwezi kuitafuta kwa kuandika neno. Simu ikijaa, mtu anafuta kila kitu ili apate nafasi. Kumwambia mama wa Isyonje "panda juu usome" ni kumtuma achukue debe kwenye ghala ambalo hatujalijenga.

Sasa nije kwenye hilo neno "kirahisi", maana ndilo linalobeba sheria nzima.

Mzee mmoja wa Umalila aliuliza kwa voisi, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake: "Wanangu, viazi vyangu vilikuwa vinalegea mchana, usiku vinaamka. Sasa haviamki tena. Nipige dawa gani?" Kijana akamjibu kwa maandishi, bila hata shikamoo, kwamba habari za mnyauko zimejaa mtandaoni. Mzee hakusema tena. Siku chache baadaye alikuja dukani kwangu kununua dawa ya ukungu, ile ya unga wa njano, kwa sababu jirani yake alikuwa amepiga hiyo. Nilimwamkia, nikamuuliza kama amekuja na mmea wenyewe. Alikuwa nao, shina moja ndani ya mfuko, majani bado ya kijani, yamelala tu kama yamechoka. Hapakuwa na doa jeusi juu, hapakuwa na utando mweupe upande wa chini.

Nililikata shina karibu na mzizi kwa kisu kisafi, nikajaza maji safi kwenye glasi, nikalishika shina wima ncha iliyokatwa iguse maji tu, nisilitikise. Tukakaa tukizungumzia mvua. Haikuchukua muda, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kutoka kwenye mkato na kushuka taratibu, mwembamba, umenyooka, mpaka ukafika kwenye kitako cha glasi na kutawanyika. Ukafuata mwingine. Mzee akainama akatazama kwa karibu.

"Hicho ni nini, mwanangu?"

"Ni bakteria, baba. Wanatoka kwenye mishipa ya kiazi. Ndio waliouziba mmea usipandishe maji."

Huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haiugusi, na hakuna ya kupulizia itakayouponya mmea ulioshikwa. Kinachobaki ni kung'oa shina pamoja na viazi vyake na udongo unaolizunguka, kutotumia kiazi chochote cha shamba lile kama mbegu, kusafisha jembe kabla halijaingia shamba jingine, kuzuia maji yasitiririke kwenda chini kwa jirani, na kuacha kupanda viazi, nyanya, bilinganya au pilipili pale kwa misimu kadhaa. Apande mahindi au ngano. Fedha aliyokuja nayo alirudi nayo nyumbani, na mimi sikuuza kitu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu swali lake, likiandikwa, linafanana kabisa na maswali mengine yaliyokwisha kuulizwa: viazi vinanyauka, nitumie dawa gani. Lakini kiazi kinanyauka kwa kiu. Kinanyauka kwa sababu kiwavi aitwaye sota amekata shina usiku. Kinaanguka kwa ukungu, ule wenye madoa meusi na utando mweupe chini ya jani asubuhi kukiwa na umande. Kinanyauka kwa bakteria. Maneno ni yale yale na matatizo ni manne, na kila moja lina njia yake. Mzee angetafuta nini mtandaoni? Jina la ugonjwa ndilo alilokuja kuuliza. Mwenye jina tayari amevuka nusu ya safari, na sisi wenye majina vichwani ndio tunaoona kila kitu ni chepesi.

Kuna na jambo la mahali. Chukua swali ambalo kila mtu atasema ni la mtoto wa shule: mahindi yapandwe lini? Ukitafuta kwa Kiswahili, utakutana na kurasa nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye vuli na masika, za Kenya na za mikoa yetu ya kaskazini, na utaambiwa uandae shamba upande Machi. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Mtu wa Mbozi akipanda Machi kwa kufuata jibu hilo, wenzake mahindi yao yameshabeba. Mtu wa vinyungu Njombe, anayelima bondeni kiangazi, ana kalenda nyingine tena. Na mbegu vilevile: UH6303 na UH615 zilitoka hapa hapa Uyole, kwenye kituo cha utafiti kinachoitwa leo TARI Uyole, lakini anayetafuta mbegu bora ya mahindi anaweza kusoma kurasa tano asikute hata moja inayozitaja. Jibu lipo kirahisi, ni kweli. Ni jibu la shamba la mtu mwingine.

Na mashamba yenyewe huku hayafanani. Udongo wetu mwingi una asidi, na mbolea zenye amonia zinauongezea asidi mwaka hadi mwaka. Mtu anayeuliza kwa nini mbolea haifanyi kazi kama zamani anaonekana anauliza swali la kawaida kabisa. Pengine shamba lake linahitaji chokaa, wala halihitaji mfuko mwingine wa kukuzia. Hatutajua mpaka tumwulize.

Lakini hoja ninayoishikilia kuliko zote ni nyingine. Swali likirudiwa na watu wengi ndani ya muda mfupi, hiyo ni taarifa.

Kumbuka viwavijeshi vamizi. Walithibitishwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na 2017 wakawa wameshaingia Tanzania. Mkulima wa mahindi aliyeuliza wakati ule, "Hawa viwavi nifanyeje?", alikuwa anauliza swali ambalo lilikuwa na jibu la miaka mingi, maana viwavijeshi tunawajua tangu zamani. Jibu la kutafuta lilikuwa la wale wa zamani, wanaokuja kwa kundi kubwa, wanakula juu juu na kusonga mbele. Huyu mgeni anajificha ndani kwenye moyo wa mhindi, anakula akiwa humo, anaacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na dawa isiyoingia kwenye moyo wa mmea haimfikii. Ukimshika ukamgeuza, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana vidoa vinne vilivyokaa kimraba. Ili kumjua, lazima mtu akubali kuulizwa kitu anachodhani anakijua, aangalie picha upya. Watu wa Ilula watakuambia yale yale kuhusu kantangaze kwenye nyanya: alipoanza, alionekana ni mdudu wa kawaida wa majani, na yakawa maswali yaleyale ya kila siku, mpaka ikaonekana ameshaingia ndani ya tunda.

Au tuchukue ukungu wa viazi, ambao kila msimu wa mvua upo. Vijidudu vyake vinasafiri na upepo, na hali ya baridi yenye unyevu inaupa nguvu. Dawa ya kugusa inalilinda jani ambalo bado ni zima. Jani lililokwisha kushikwa haliponi. Kwa hiyo anayehitaji habari mapema ni yule ambaye bado hajaona doa hata moja. Jumatatu mtu wa Igoma akiuliza kuhusu madoa, Jumatano akauliza wa Ilungu, Ijumaa wa Isyonje, mwenye shamba katikati yao amepata onyo ambalo hakuna ukurasa wa mtandao ungempa. Admini anayefuta swali la tatu kwa sababu limefanana na la pili amefuta taarifa ya kata ya tatu.

Kuhusu uchovu wa wataalamu, nakubali kabisa kwamba tuwalinde. Ila maswali mepesi hayahitaji bwana shamba. Swali la sentimita 75 linaweza kujibiwa na mtu aliyevuna msimu mmoja tu. Kuna binti mmoja wa Tembela alianza kwa kujibu hayo ya nafasi na kuinulia udongo. Siku moja mama mmoja mzoefu akamwongezea, "Mwanangu, hiyo ni sahihi kwa viazi vya kuuza. Kama unataka viazi vidogo vya mbegu, unaweza kubana zaidi." Binti akashukuru, na tangu siku hiyo anajibu na hilo pia. Sasa hivi anajibu maswali ya ukungu kwa umakini kuliko baadhi ya wenye maduka. Angeanzia wapi kama maswali mepesi yote yangefutwa? Watu hawaanzi kujibu kwa mambo magumu. Tukiyaondoa mepesi, tunabaki na wataalamu wawili watatu na watu mia kadhaa wanaowatazama, na huo ndio mzigo uliomchosha yule bwana shamba.

Ninachokubali tukikatae ni swali tupu. "Dawa gani nzuri ya viazi?" Nukta. Hapo hakuna wa kusaidiwa. Lakini ninachomdai mwulizaji ni akaangalie shamba lake, siyo akaangalie Google. Ana macho, ana shamba, anajua alipanda lini. Vitu hivyo havihitaji Kiingereza wala bando kubwa. Ujumbe tuliouandika kwa ajili hiyo ni huu:

"Ndugu, karibu. Tuambie uko kata gani, ulipanda lini, mbegu uliitoa wapi. Tatizo liko shamba zima au sehemu moja? Umeshapiga dawa gani, na lini? Tuma picha mbili: mmea mzima, na jani upande wa chini. Asiyeweza kuandika atume voisi, kuna mtu atamwandikia."

Mwenzangu akasema huo nao ni utafiti, kwa hiyo tunasema kitu kimoja. Sidhani. Utafiti anaoutaka yeye unamtenga asiye na maneno ya kutafutia. Huu wa kwetu hata mzee wa Umalila anauweza, tena anauweza kutuzidi, kwa sababu aliona viazi vyake vikiamka usiku kabla havijaacha kuamka. Maelezo yale pekee yalikuwa nusu ya jibu, na yalipita masikioni mwa watu bila kusikika.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba siku hizi kila kitu unaiuliza programu ya akili bandia. Vijana wanabandika majibu yake mle ndani: Kiswahili kizuri, aya zimepangwa, na hakuna kata wala mwezi. Stack Overflow wenyewe walizuia majibu ya ChatGPT Desemba 2022, siku chache baada ya programu hiyo kutoka, kwa sababu yalionekana sahihi huku mengi yakiwa na makosa. Sizikatai programu hizi, zitaendelea kuwa bora. Ila mtu akiiuliza simu yake peke yake chumbani, jirani yake hajui kwamba ukungu umefika.

Tulikubaliana tujaribu msimu mmoja bila sheria ya kufuta. Jumapili jioni mmoja wetu anachukua swali lililorudiwa zaidi wiki hiyo na kuliandikia jibu, kwa maandishi, siyo voisi, na juu yake anaweka mwezi na eneo linalohusika. Linabandikwa kwenye grupu na kwenye ukurasa wa wazi ambao mtu yeyote akitafuta anaweza kuukuta. Yule bwana shamba aliyeondoka amekubali kuyasoma majibu kabla hayajatoka, bila kurudi kwenye grupu. Na mwenzangu aliyependekeza sheria ndiye aliyeandika la kwanza, la mnyauko, na jaribio la glasi ameliweka vizuri kuliko nilivyolieleza mimi hapa.

Sasa tumekwama kwenye swali la mbegu ya viazi, ambalo limeulizwa kuliko yote. Ukilitafuta, utaambiwa ununue mbegu iliyothibitishwa. Ushauri ni sahihi. Lakini wengi wetu tunapanda viazi tulivyochagua kwenye mavuno yetu wenyewe au tulivyonunua sokoni, na humo ndimo bakteria wanamosafiria kutoka shamba hadi shamba. Anayeuliza anataka kujua nani ana mbegu safi mwezi huu, ni aina gani, kilo bei gani, na kama gari litaweza kumfikia Santilya mvua ikishaanza. Mimi jibu kamili la hilo sina, na yule bwana shamba naye hana. Kama una mbegu safi au unamjua mwenye nazo, liandike jibu lako hapo chini, na utaje kata na bei.